Saa Tatu ya Vitunguu

Umoja wa wauza vitunguu ulikuwa na desturi ya kutangaza mabaya adhuhuri, jua likiwa limeshawachosha watu kubisha. Siku hiyo Mwenyekiti alipanda juu ya mzani, akasema soko limeingia dunia ya programu. Kompyuta itachora bei, mtu aone kwa macho yake lini auze na lini asubiri. Kila kizimba kitachangia ada ya mwezi. Asiyechangia atawapisha wenzake chini ya banda, akauzie nje, kando ya mtaro.

Mama alikwishapiga hesabu kabla Mwenyekiti hajashuka mzanini. Ada ile ilimeza faida ya wiki nzima ya kizimba chake, kile kidogo cha mwisho kushoto, ambacho bati lake lilikuwa na ugomvi na mvua. Wenye vizimba vikubwa walipiga makofi. Wenye vizimba vidogo walitazamana, kisha nao wakapiga, maana hakuna anayetaka kuonekana ndiye maskini wa kwanza.

"Programu yenyewe ya nani?" mumewe alimuuliza alipofika nyumbani. Alikuwa ameketi kizingitini akishona magunia yaliyochanika, kazi iliyompata baada ya mgongo kumkatalia kuyabeba.

"Ya mkweo."

Sindano ikasimama hewani. "Tai?"

"Tai huyo huyo."

Mume wa binti yao mkubwa alikuwa wakala wa kampuni ya programu, na sokoni walimwita Tai. Waliompenda walisema ni kwa sababu ya tai aliyofunga shingoni hata kwenye joto la kukaangia mayai. Wasiompenda walisema ni kwa sababu ya ndege.

"Kwa hiyo mkwe wangu ndiye anayekutoa bandani," mzee akasema. "Mahari yake nilishaitafuna yote, simdai kitu. Ningekuwa nimebakiza hata mbuzi mmoja, ningemrudishia leo."

"Hanitoi yeye. Ananitoa Mwenyekiti."

"Mwenyekiti kashika shoka. Mpini kautoa nani?"

Binti yao wa mwisho alikuwa kitandani na kompyuta iliyokwisha kung'oka herufi mbili. Alikuwa na stashahada ya takwimu, hana kazi, na sokoni walimwita Kalkuleta tangu enzi za mradi wake wa chuo, alipomwomba mama yake amtumie bei ya gunia kila inapobadilika. Mradi ukaisha, mama hakuacha. Kila asubuhi simu ya binti ilipokea sauti ile ile, nyuma yake kelele za wapagazi: "Saa moja, gunia limeshuka. Wametushika koo. Saa tatu, limepanda, haya andika, mimi nimeshauza tayari, mjinga mie."

"Mama," alisema, "kuchora bei hakuhitaji ada. Programu za bure zipo."

"Cha bure, mwanangu, mwenyewe huja kukidai."

"Nipe siku chache nizijaribu. Mwombe Mwenyekiti atushindanishe na shemeji mbele za watu."

Mama alimwangalia mwanawe, akaangalia na ile kompyuta yenye mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. "Tukishindwa, nitaaibika mara mbili. Mara ya kuhamishwa na mara ya kujitia kujua."

"Tukinyamaza utahamishwa vile vile."

Hapo mzee alicheka. "Huyo nimemzaa mimi," akasema.

*

Kalkuleta alizijaribu programu kama mtu anayejaribu viatu vya mtumba. Ya kwanza ilikuwa ya hisa na fedha za kigeni; kila alipoiambia habari za vitunguu ilimuuliza sarafu gani. Ya pili ilitaka mtandao muda wote, ikalamba bando kabla hajamaliza kujisajili. Ya tatu ilikuwa ya wanafunzi wa hesabu. Ukiipa mlinganyo ilichora mkunjo mzuri wa kutundikwa ukutani, lakini bei za sokoni hazina mlinganyo, zina madalali. Ya nne haikuwa na sura. Ilikuwa na jedwali, fomula na michoro, ilifanya kazi bila mtandao, na haikuuliza kadi ya benki hata kwa kuchombeza. Akaishika hiyo.

Bei zote za mama alikwisha kuzichapa zamani; usiku huo huo akazihamishia humo, safu moja ya saa, safu moja ya bei. Mchoro ulipanda na kushuka kama alivyoutarajia: bei inaanguka kwenye saa moja, inafika kileleni kwenye tatu. Kilichokosekana ni malori. Alitaka kujua kama yanapoingia ndipo bei inapoanguka. Rekodi za malori zilikuwa na mashine ya getini, na mlinzi alimtumia picha zake asubuhi ya mkutano ambao Mwenyekiti alikubali kuuitisha, wakati mama ameshavaa viatu na anaita mlangoni.

"Unatoka au nikashindane mimi?"

Akazichapa mbio mbio, akabandika mstari wa malori juu ya mstari wa bei, akafunga kompyuta bila kutazama mara mbili.

*

Mkutano ulifanyika kwenye stoo ya umoja, projekta ikimulika kwenye shuka lililofungwa kwa pini za nguo. Tai alianza. Programu yake ilikuwa na michoro ya vijiti vya kijani na vyekundu ambavyo yeye aliviita mishumaa.

"Mishumaa mchana kweupe!" akasema Domo, mwanamke wa kizimba cha jirani, ambaye jina lake lilitosha kumweleza. "Umeme umekatika?"

Watu wakacheka, lakini walivutiwa. Mishumaa ilipendeza. Kila siku mshumaa wake, na pembeni mshale unaosema UZA au NGOJA. Mwenyekiti alitikisa kichwa kama anayesikia wimbo aliokuwa akiuimba peke yake kwa muda mrefu.

Kisha ikaja zamu ya Kalkuleta. Kompyuta yake ilikataa kuzungumza na projekta, ikabidi ahamishie kazi yake kwenye kompyuta ya shemeji yake. Ikafunguka. Nyumbani, mhimili wa chini ulikuwa na namba tupu: moja, mbili, tatu. Kwenye kompyuta ya Tai ulijipanga wenyewe kwa mtindo wa saa za ofisini, namba na nukta mbili na sifuri.

"Kama mnavyoona," alianza, "bei ya gunia inakuwa juu kabisa hapa..."

"Hapa wapi, shemeji?" Tai alisogea karibu na shuka, akaweka kidole. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu mwenye lengo la mauzo la kufikia kabla ya mwisho wa mwezi, jambo ambalo kwa macho ya nje hufanana sana na ubaya. "Hapa pameandikwa 03:00. Yaani saa tisa za usiku."

Watu wakanyoosha shingo kuisoma.

"Saa tisa za usiku," akarudia, kwa upole wa kuua, "soko limefungwa. Sasa, shemeji, vitunguu vyetu hununuliwa na nani wakati huo?"

"Wachawi!" sauti ikatoka nyuma.

Kicheko kilichofuata kilitikisa shuka. Mmoja aliuliza kama wachawi wanalipa taslimu. Mwingine akasema hao hawabebi magunia, wanaruka nayo. Kalkuleta alitazama mchoro wake kana kwamba umemgeuka. Mstari wa bei ulipaa usiku wa manane. Malori yakaingia asubuhi yake, mbali kabisa, kama wageni waliofika sherehe ikiwa imekwisha.

"Mama," Mwenyekiti alimwambia mama yake, akitabasamu, "mtoto kasoma, tunampongeza. Lakini usomi na soko ni vitu viwili. Jumatatu ada. Asiyekuwa nayo, mtaroni kuna nafasi."

Mama alisimama. Alikusanya kompyuta, waya wake na pochi ya binti yake, vyote yeye mwenyewe, kama anayemchukua mtoto kutoka shule alikopigwa. Mlangoni Domo akamnong'oneza, "Pole, mwaya. Hao wachawi wakija, uwalete na kwangu, nina magunia mawili yameanza kuota."

*

Jioni hiyo binti mkubwa alikuja na ndizi kwenye mfuko, macho yake hayakai mahali. "Mama, sikumtuma mimi."

"Najua."

"Kanunua shati jipya kwa ajili ya leo. Alidhani atakufurahisha. Alisema, mama mkwe akiwa wa kwanza kulipa, wengine watafuata."

"Mwambie shati nimeliona," mama akajibu.

Mzee alijaribu kuchangamsha nyumba. "Mimi hao wachawi nawapenda," alisema. "Wateja wa usiku hawaombi punguzo. Wanaogopa kupambazukiwa." Hakucheka mtu. Kalkuleta alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya mto.

"Inuka ule," mama alimwambia.

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Ni saa ngapi sasa? Nataka kubandika chai kabla baba yako hajatumeza."

Kalkuleta alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, akavuta simu, akafumbua jicho moja. Kioo kiliandika 19:05.

"Saa moja na dakika tano," akasema.

Akainuka taratibu, kama mtu aliyeguswa na baridi mgongoni, akaitazama tena simu. Kumi na tisa na tano. Na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema saa moja. Hakuhesabu. Hakufikiri. Ulimi ulikuwa umetoa sita na kumi na mbili na kubadilisha kila kitu kabla akili haijafunga viatu, kama unavyofanya kila siku, kwake na kwa kila mtu aliyekuwa stooni.

"Mama. Ukisema kwenye simu 'saa tatu limepanda', ni saa tatu ipi?"

"Saa tatu ni saa tatu. Asubuhi. Wewe vipi?"

"Mimi nimeandika tatu."

"Sasa ungeandika ngapi?"

"Tisa!" Aliruka kutoka kitandani, mto ukaanguka kwenye sinia la ndizi. "Kompyuta haijui Kiswahili, mama! Kwake siku inaanza usiku wa manane. Kwetu inaanza jua likichomoza. Ukiiambia tatu inadhani watu wamelala! Na mashine ya getini inaandika kizungu. Bei zako ziko Kiswahili, malori yameandikwa kizungu, mimi nimewaoza bila mkalimani!"

Dada mtu alikuwa ameshika mdomo. "Kwa hiyo wachawi..."

"Wachawi ni wapishi wa mahoteli! Wanakuja saa tatu asubuhi!"

Alikaa chini, akaandika fomula moja kwenye safu moja. Kila saa ikaongezwa sita. Kumi na mbili ya alfajiri peke yake, iliyokuwa imekimbilia adhuhuri, ilirudishwa nyuma kwa sita. Akabonyeza. Mstari wa bei ukateleza kulia, mzima mzima, ukatulia mahali pake chini ya jua, na mstari wa malori ukaja ukalala kando yake kama mume na mke waliopatana.

Sasa waliona wote, hata mzee aliyeegemea mlango na sindano yake. Malori huingia alfajiri. Yanapoingia bei inaanguka. Lori la mwisho likishaingia, bei hukaa chini kidogo, kisha huanza kupanda, na saa moja na nusu baadaye inakuwa kileleni. Siku ambazo malori yalichelewa, kilele nacho kilichelewa. Hakikuwa bahati. Kilikuwa kinatembea nyuma ya lori la mwisho kama mkia.

Mama alisogeza uso karibu na kioo. "Hapa chini," aliuliza, akigusa bonde, "ndipo madalali wanapotuambia malori kumi mengine yako njiani?"

"Ndipo hapo."

"Na njiani hakuna kitu."

"Siku nyingi hakuna."

Mama akaondoa kidole kwenye kioo. "Kesho siuzi saa moja."

*

Kesho yake, geti lilipofunguliwa, malori yalipita moja baada ya jingine, bei ikaporomoka kama kawaida yake. Lori la mwisho lilishusha saa moja kasoro dakika chache. Madalali wakaanza kupita vizimbani, mikono mifukoni.

"Mama, nikusaidie?" mmoja alisimama mbele yake. "Kuna malori kumi nyuma. Baada ya hapa utawapa mbuzi."

"Acha waje. Mbuzi nao wana meno."

"Hujasikia bei?"

"Nimeisikia. Siuzi."

Neno lilisambaa bandani haraka kuliko harufu. Mama wa kizimba cha mwisho hauzi. Watu wakaja, wengine kwa huruma, wengi kwa uhondo, na Mwenyekiti akaja, na Tai nyuma yake na kompyuta yake kwapani. Kalkuleta alikuwa amesimama juu ya gunia.

"Mwanangu, bado mnauzia wachawi?" Mwenyekiti akauliza.

"Nataka kumuuliza shemeji swali moja tu. Shemeji, saa ngapi?"

Tai alitazama simu yake. "Saa moja na robo."

"Waonyeshe watu kioo."

Akaona aibu kukataa jambo dogo hivyo. Aliinua simu. Domo aliinama, akasoma kwa sauti yake iliyolipiwa na Mungu: "Saba! Saba na kumi na tano! Wewe mwongo, umesema saa moja!"

"Ni kitu kile kile," Tai akasema. "Kila mtu anajua..."

Hapo hapo watu wakamwona akifika, hatua kwa hatua, mahali ambapo Kalkuleta alikuwa amefika jana juu ya mto.

"Kila mtu anajua, shemeji, isipokuwa kompyuta," Kalkuleta akasema. "Jana nilikosea. Sikuitafsiria. Leo nimeitafsiria." Akageuza kompyuta yake yenye mapengo, akawaonyesha mistari miwili. Akawaeleza kwa maneno ya sokoni, bila neno hata moja la chuoni: lori la mwisho limeingia saa ngapi, ongeza saa moja na nusu, hapo ndipo pa kuuzia. "Saa mbili na nusu, bei itakuwa imepanda. Isipopanda, mama yangu anahamia mtaroni leo, hatungoji Jumatatu."

Mama alikohoa. Hilo la mwisho hawakuwa wamekubaliana.

"Na programu ya kulipia inasemaje kuhusu saa?" Domo akamgeukia Tai.

"Hii... hii inaonyesha siku. Ya kuonyesha masaa ipo. Iko kwenye kifurushi cha dhahabu."

"Dhahabu!" banda zima likasema kwa pamoja.

Wakangoja. Kungoja sokoni ni kazi ngumu kuliko kubeba. Madalali walirudi na bei ileile, kisha na bei pungufu ili kutisha. Wenye vizimba vidogo kadhaa walikaa juu ya magunia yao kama kuku juu ya mayai. Wengine walishindwa, wakauza. Mzee alikuwa amekuja pia, akashona gunia lisilokuwa na tundu. Geti likawa kimya. Lori la kumi halikuja, wala la tano, wala la kwanza kati ya yale kumi.

Saa mbili ikapita. Dalali yule wa kwanza akarudi. "Haya mama, nakuongezea kidogo. Kwa sababu ya heshima."

"Heshima yako haijaiva. Irudishe jikoni."

Saa mbili na dakika ishirini liliingia gari la hoteli, nyuma yake pikapu ya shule ya bweni, nyuma yake pikapu mbili nyingine. Wapishi wakashuka wakiuliza bei, na kwa mara ya kwanza walimkuta mwenye vitunguu mwenyewe, si dalali. Bei ya kwanza iliyotajwa ilipita ya saa moja kwa theluthi. Ya pili ikapita ya kwanza. Domo alipiga kelele kama aliyeona nyoka, kumbe ameona noti. Ilipogonga saa mbili na nusu, gunia la vitunguu lilikuwa linauzwa kwa bei ambayo wenye vizimba vidogo walikuwa wakiisikia tu kwa wengine, na madalali waliokuwa wakinunua walikuwa wakibembeleza.

"Nyoosheni mikono!" Domo alilifokea banda zima mbele ya Mwenyekiti, ingawa kazi ya kuitisha kura haikuwa yake. "Wanaotaka mishumaa ya ada?"

Mkono mmoja uliinuka, wa Mwenyekiti, ukaona uko peke yake, ukajifanya unakuna kichwa.

"Wanaotaka ya Kalkuleta?"

Hata wapagazi wasiokuwa na kura waliinua.

Mwenyekiti akapanda mzanini. Aliyashusha maneno yake yote ya jana, kwa sauti ndogo: ada imefutwa, hakuna anayehama, umoja utatumia programu ya bure, na binti atalipwa posho ya kuchora bei kila asubuhi. Vigelegele vikamziba katikati ya sentensi. Mtu mmoja akaanza kumzomea Tai, wengine wakadakia.

"Nyamazeni!" Mama alipaza sauti. Bandani hawakuwa wamewahi kumsikia akipaza. "Huyo ni mkwe wangu. Anayemzomea atanunua vitunguu kwa bei ya saa tatu mwaka mzima." Akamgeukia kijana aliyekuwa amesimama na shati lake jipya limelowa mgongoni. "Baba, kompyuta yako kubwa kuliko ya shemejio. Lete hapa. Mwombe akufundishe ile hesabu ya sita."

Tai aliikumbatia kompyuta yake. "Asante, mama," akasema, akainama kupisha kamba ya kizimba, akaingia.

Nyuma yake waliingia wengine: Domo, wapagazi wawili, mwenye kizimba kikubwa aliyepiga makofi kuliko wote siku ya tangazo. Kila mmoja alitaka kuona mistari kwa karibu, kila mmoja alikuwa na swali, na kizimba kidogo cha mwisho kushoto kikajaa hadi watu wakaanza kukalia magunia.

"Kaeni, kaeni, jamani," mama alisema, akihesabu noti bila kutazama. "Ila ujue, gunia ulilokalia umelinunua."